Mapovu Njia ya Wundanyi

"Maji ya kunitisha mimi bado hayajaumbwa," Derrick alisema, akajipiga kifua mara mbili kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. "Bahari ni nini? Ni beseni tu. Mungu aliliweka huko chini ili sisi watu wa mlimani tupate kitu cha kutazama."

Kibanda cha chai karibu na stesheni ya Voi kilicheka chote. Muinde, dereva wa gari la abiria aina ya Probox aliyeijua kila kona ya barabara ya kutoka Voi hadi Wundanyi, aliweka kikombe chini asije akamwaga chai.

"Wewe?" akamwuliza. "Si wewe uliyebebwa mgongoni kuvuka mtaro wa Kaloleni mvua ilipofurika?"

"Nilikuwa nimevaa viatu vipya."

"Sawa, baharia. Vua viatu basi, uende."

Voi ni mji wa vumbi jekundu na jua lisilo na huruma. Huko mtungi wa maji huheshimiwa kuliko mgeni, na kijana wa Voi anayejigamba juu ya bahari ni kama kuku anayejigamba juu ya meno yake. Lakini Derrick alijaliwa ulimi mwepesi. Kazi yake ilikuwa kupiga picha na video: harusi, mahafali, matanga, hata mbuzi wa mnada kama mwenye mbuzi alitaka. Alizaliwa Werugha, juu kabisa ya Wundanyi, ambako ukungu hubisha hodi asubuhi kabla ya jirani. Wahenga walikuwa na neno lao kuhusu vijana wa aina hii, lakini hebu tulihifadhi kibindoni kwanza. Tukilitoa mapema litapoa.

Wiki hiyo Derrick alikuwa amepata kazi ambayo hakuna mpiga picha wa Voi aliyewahi kuiota. Kambi moja ya wazamiaji, katika kisiwa kidogo kiitwacho Fungu Mbali huko kusini ya Pwani, ilitaka video ya kuvutia wageni. Mpiga picha angefundishwa kuzamia, kisha ashuke na kamera yake mwenyewe. Kazi ingekwisha Alhamisi. Ijumaa angerudi, na Jumamosi, siku aliyoisubiri kuliko zote, angekwenda na wazee wake kujitambulisha kwa kina Tryphena, mwalimu wa Wundanyi aliyekuwa ameuteka moyo wake bila kutumia nguvu.

Na hapo palikuwa na desturi. Katika ukoo wa kina Derrick, anayekwenda kuposa hulala nyumbani kwa baba yake usiku wa kuamkia safari, ili asubuhi yeye na wazee wake watoke mlango mmoja. Anayewafikia wakwe moja kwa moja kutoka safarini huhesabiwa kuwa mpita njia aliyesikia harufu ya pilau. Kwa hiyo Ijumaa, kufa kupona, ilimlazimu Derrick alale Werugha.

Fungu Mbali hakikuwa kisiwa cha makelele. Hakikuwa na hoteli wala muziki wala wauza shanga. Kulikuwa na vibanda vichache vya makuti, kisima kimoja, na mchanga ambao asubuhi ulikuwa na nyayo za kaa tu. Aliyeongoza wazamiaji alikuwa msichana mwembamba aitwaye Firdaus, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopepesa. Siku ya kwanza Derrick alipomwona, alitazama nyuma ya msichana huyo akimtafuta mwalimu.

"Mwalimu ni mimi," Firdaus alisema. "Karibu, kaka Derrick. Vua saa, vua mkufu, na hayo maringo pia yaache ufukweni. Huko chini hayapumui."

Kusema kweli, Derrick alijifunza haraka. Alijua kuvuta pumzi kupitia mpira mdomoni, kutoa maji kwenye miwani, na kuongea kwa mikono. Firdaus alimfundisha sheria moja mara nyingi hadi akaichoka: ukipanda, panda polepole kuliko mapovu yako madogo. Akamfundisha na nyingine, jioni ya Alhamisi, walipokuwa wakisuuza mitungi ya hewa.

"Kwenu ni wapi hasa?"

"Werugha. Ukifika Wundanyi, bado unapanda."

Firdaus aliacha kusuuza. "Basi kesho huzamii. Leo umemaliza."

"Lakini kasa hatujampata! Video bila kasa ni harusi bila bibi harusi."

"Kasa atakuwepo mwaka ujao. Nisikilize, kaka. Ukiwa chini, hewa unayovuta inaingia hadi ndani ya damu na kutulia humo, kama gesi ndani ya soda. Soda ikifungwa, kimya. Ukifungua kizibo ghafla, unajua kinachotokea. Sasa mwili wako ukiutoa baharini ukaupeleka mlimani siku hiyo hiyo, umefungua kizibo. Mapovu yanatoka ndani ya damu. Yanaingia kwenye viungo, yanaingia kwenye uti wa mgongo. Ukishazamia, lala huku chini, usiku wote na mchana wote, ndipo upande."

"Hiyo nimesoma. Ni ya watu wa ndege. Mimi napanda treni."

"Mlima ni ndege iliyosimama," Firdaus alisema. "Damu haiulizi umepanda kwa chombo gani."

Derrick aliitikia kwa kichwa, huku maneno yale yakipita sikio hili na kutokea la pili bila hata kukaa kitako. Usiku aliwaza. Akiwa na kasa, video yake ingekuwa gumzo. Akiwa na kasa, angeingia kwa kina Tryphena na simu mkononi na kusema, tazameni, mkwe wenu huyu hapa anaogelea na viumbe. Alfajiri alimfuata Firdaus akiwa na uongo uliopigwa pasi vizuri.

"Mwalimu, nimebadilisha safari. Leo nalala Likoni kwa shangazi yangu. Nitapanda kwetu Jumapili."

Firdaus alimkazia macho. "Kwa Mungu?"

"Kwa nini nikudanganye?"

Wakashuka jua likiwa bado changa. Maji yalikuwa safi kama kioo cha dirisha lililofutwa, na mwamba ulikuwa na rangi ambazo hata nguo za harusi hazina. Derrick alimwona kasa karibu mara moja. Alikuwa amelala kwenye upenyo wa matumbawe kama mzee aliyesinzia kanisani. Kasa akainuka, akapiga makasia yake mawili taratibu, akaelekea ukingoni. Derrick naye akafuata, jicho moja kwenye kamera.

Ukingoni mwamba uliishia ghafla. Mbele yake hapakuwa na chini. Palikuwa na buluu tu, iliyozidi kukolea hadi ikawa nyeusi. Derrick, ambaye amekulia kwenye mabonde ambayo mtu akianguka anasikika akianguka, hakuwahi kuona bonde lililo kimya namna ile. Akasahau alichoshika mkononi. Kamba ya kamera ikamtoka kiganjani.

Kamera ilianza kuzama polepole, taa yake nyekundu ikiwaka. Mle ndani mlikuwa na kazi yote ya wiki. Aliifuata bila kufikiri. Alipiga mapezi, akanyoosha mkono, akaikosa. Akapiga tena. Masikio yalimbana kama yanayofinywa na mwalimu wa hesabu. Mara ya tatu vidole vyake viliishika kamba. Aliinua kichwa kufurahi, na hapo ndipo hofu ilipomtia mkononi.

Juu hapakuwa na mtu. Mwamba ulikuwa kivuli. Jua, ambalo Voi ni adui wa kila siku, lilikuwa doa dogo la maziwa mbali sana. Pumzi zake zilianza kukimbizana. Kila alichovuta kilionekana kidogo. Alitazama kipimo cha hewa, akaona mshale umeshuka kuliko alivyotarajia, na akili yake ikafunga duka. Alisahau mapovu madogo. Alisahau mapovu makubwa. Alijua kitu kimoja tu, kwamba juu kuna hewa, na akapiga miguu kama mtu anayefukuzwa na nyati.

Njiani mkono ulimshika mguu. Alikuwa Firdaus. Alimkamata mkanda, akamtazama machoni, akamwonyesha kiganja: tulia, kaa hapa. Walikaa kidogo, wakiwa bado chini ya maji, Firdaus akihesabu kwenye saa yake. Lakini Derrick aliona mwanga juu yake, karibu mno, na hofu ikamshinda. Akajinasua, akatokea juu, akakohoa na kulia na kucheka kwa wakati mmoja.

Kwenye boti Firdaus hakumfokea. Alimwekea kinyago cha oksijeni kwa muda, akamwuliza kama anaumwa popote. Derrick akasema hapana. Bega la kushoto lilikuwa linauma kidogo, lakini aliona ni la kubeba mitungi.

"Umekwenda chini sana na umepanda mbio," Firdaus alisema. "Ningependa ubaki hapa nikuangalie."

"Shangazi amepika."

"Basi Likoni, na usitoke Likoni. Nambari yangu unayo. Ukiumwa hata kidole, nipigie."

Adhuhuri Derrick alikuwa tayari ameipita Likoni bila kuitazama, na alasiri alikuwa ndani ya treni ya SGR, amekaa dirishani. Mariakani ilipobaki nyuma ndipo mwili ulipoanza kumwasha. Ilianza tumboni, ikapanda kifuani, kama siafu waliopotea njia. Alipofunua shati aliona ngozi imetoka mabaka ya zambarau. Akajiambia ni kiwavi wa baharini. Nje ya dirisha ndovu wekundu wa Tsavo walikuwa wakijitupia vumbi, na watoto behewani walikimbilia upande ule wakisukumana. Derrick alibaki ameinama, anajikuna. Bega sasa lilikuwa linauma kwa ndani kabisa, mahali ambapo mkono haufiki kusugua.

Voi alimkuta Muinde akimsubiri. Magari ya abiria yalikuwa yamekwisha kujaa, kwa hiyo Derrick alikodi Probox nzima ya Muinde.

"Baharia amerudi," Muinde alisema, akifungua mlango. "Hebu tuambie, beseni lina maji?"

"Twende tu, Muinde."

Dereva alimtupia jicho. Walipita Mwatate jua likiegemea, wakakata kulia, na barabara ikaanza kupanda. Kwa kawaida Derrick aliipenda sehemu hii. Hewa hubadilika, mtu hufungua dirisha, na harufu ya mikaratusi humwambia amekaribia nyumbani. Jioni hii kila kona ilimwongezea kitu. Kona moja ilimwongezea maumivu ya goti. Nyingine ilimletea kizunguzungu. Kisha vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi, kama mtu aliyekaa vibaya kwenye mkeka. Akavichezesha ndani ya kiatu. Havikucheza.

"Umenyamaza," Muinde alisema. "Wewe ukinyamaza nashtuka kuliko gari ikinyamaza."

"Nimechoka."

"Umechoka unatoka jasho? Na hii baridi?"

Derrick alikuwa anapanda na mkono wake kutoka kifundo cha mguu, akijifinya kidogo kidogo, akitafuta mahali anapoanzia. Kifundo, hakuna. Shavu la mguu, hakuna. Goti lilisikia kwa mbali, kama sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Akaufinya mguu wa kulia kwa kucha hadi ngozi ikachubuka. Aliiona damu lakini hakuusikia ule mchubuko.

"Simamisha gari."

"Hapa kona. Nisimamishe nigongwe?"

"Muinde, simamisha. Miguu yangu haipo."

Muinde alipata mahali pana kidogo, akasimama, akazunguka kufungua mlango. Derrick alitupa miguu nje ili asimame. Miguu ilitoka, lakini kusimama haikusimama. Alianguka mbele kama gunia la mahindi lililokatwa kamba, na Muinde akamdaka kwapani.

"Yesu na Maria," Muinde akasema polepole. "Derrick, umekunywa nini?"

"Sijanywa kitu."

"Basi umerogwa. Twende juu haraka, Wundanyi kuna hospitali na iko karibu kuliko Voi."

Derrick alitazama juu. Taa za kwanza za nyumba zilikuwa zimeanza kuwaka mlimani. Huko baba yake alikuwa amekwisha kuchinja. Huko wajomba walikuwa wamekaa mekoni wakipanga nani ataanza kusema. Akaikumbuka njia ya kutoka barabarani hadi nyumbani, ngazi za udongo katikati ya migomba na kahawa. Werugha hakuna ardhi tambarare hata ya kutandika mkeka. Mtu asiye na miguu kule huwa kama picha ya ukutani: watu humtazama wakipita, humpangusa vumbi sikukuu, na kuendelea na safari zao. Alijiona amebandikwa hapo, akiwa na miaka ishirini na minne.

Akatoa simu. Firdaus alipokea mlio wa kwanza tu.

"Kaka Derrick. Unaumwa?"

"Kidogo. Miguu imekufa ganzi. Na hapa chini ya kitovu… sisikii vizuri."

"Umekojoa tangu mchana?"

"Nimeshindwa."

"Sikiliza. Lala chali, usikae. Nawapigia watu wa gari la wagonjwa sasa hivi, Likoni si mbali na walipo. Shangazi yako anakaa sehemu gani hasa? Nipe jina la mtaa."

Derrick alifungua mdomo. Hapo, kwenye ile kona, akiwa amelala kwenye nyasi na ukungu ukimshukia, ulimi wake mwepesi ulikuwa tayari umeanza kutafuta mtaa. Alikuwa karibu kuutaja. Kisha akaliona lile gari la wagonjwa likizunguka Likoni na king'ora chake, likiuliza nyumba kwa nyumba kuhusu shangazi ambaye hayupo, huku yeye akifia Taita.

"Firdaus," alisema. "Siko Likoni."

"Uko wapi?"

"Niko kona za Wundanyi. Juu."

Alingoja matusi. Laiti yangekuja, yangempunguzia hofu. Lakini msichana alivuta pumzi moja ndefu, na Derrick aliielewa ile pumzi kuliko masomo yote ya wiki.

"Uko na nani?"

"Dereva."

"Mpe simu."

Muinde aliweka simu sikioni, akasikiliza, akasema "ndiyo" na "ndiyo, dada" na "hata kidogo, dada." Alipokata, uso wake ulikuwa wa majivu.

"Amesema nisikanyage mbele hata hatua. Kila ninavyopanda nakuua. Turudi chini, Voi wakuwekee oksijeni, halafu Mombasa kwenye chumba cha kutibia wazamiaji. Amesema anapiga simu watangulie kujua." Alimwinua Derrick, akamlaza kiti cha nyuma. "Na amesema hivi. Alikukataza mara mbili. Ni kweli?"

"Endesha, Muinde."

Safari ya kushuka ndiyo Derrick angeisahau kama angepewa ruhusa ya kusahau kitu kimoja tu maishani. Alilala akitazama dari la gari, akiwasikia wadudu wa Mwatate wakilia nje, akisubiri kila dakika ganzi ipande tena. Ikifika kifuani, pumzi itakwisha. Ilifika kitovuni ikakaa hapo, kama mgeni anayefikiria kama alale au aende. Simu ya baba yake ililia mara nyingi mfukoni. Hakuipokea. Angesema nini? Kwamba amefika hadi mlangoni akageuka?

"Mungu," alisema moyoni, "hata mguu mmoja. Nitauvuta huo mwingine."

Voi walimvika kinyago cha oksijeni na kumpakia kwenye gari la wagonjwa. Mombasa walimwingiza ndani ya tangi la chuma lenye dirisha la duara, wakafunga mlango kwa gurudumu, na hewa ikaanza kuvuma. Masikio yakabana vile vile kama ukingoni. Derrick alielewa. Walikuwa wanamzamisha tena, bila maji, ili wampandishe upya, safari hii polepole, saa baada ya saa, kama alivyoambiwa tangu mwanzo na msichana ambaye siku ya kwanza alimtafutia mwalimu nyuma yake. Alilia humo ndani bila aibu, kwa sababu dirisha lilikuwa dogo.

Walimrudisha ndani ya tangi lile siku baada ya siku. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilicheza kwanza. Kisha mguu wa kulia ukarudi wote. Wa kushoto ulirudi nusu nusu, kama mwanafunzi aliyefukuzwa shule, na daktari akasema huenda ukakamilika, huenda usikamilike, Mungu na mazoezi ndio wenye jibu.

Miezi ilipita kabla wazee wa Werugha hawajapata tena ujasiri wa kupanga siku. Safari hii Derrick alilala kwa baba yake usiku mzima, akatoka kwa mlango wa baba yake, akiegemea mkongojo, na Muinde ndiye aliyewapeleka wote Wundanyi. Walipofika, Derrick alimnong'oneza: "Wewe ungoje tu garini. Haitachukua muda."

Nyumbani kwa kina Tryphena walikaribishwa vizuri. Maneno ya wazee yalikwenda na kurudi kwa heshima. Kisha Nyanya Wakesho, bibi yake Tryphena, kikongwe ambaye hakuna posa iliyopita pale bila yeye kuitia chumvi, alinyoosha kidole kwenye mkongojo.

"Kijana, huo mguu?"

Chumba kilimgeukia. Tryphena alikuwa mlangoni na sinia la ndizi za kuponda. Yeye alikuwa ameambiwa ni ajali ya kazini, basi. Derrick aliona macho yake, akaona macho ya wajomba, na ule ulimi uliolala miezi yote ukaamka.

"Nyanya, nilikuwa chini ya bahari," alianza. "Kulikuwa na msichana anayetuongoza. Ghafla akaja papa. Papa mrefu kama hiki chumba. Yule msichana akaganda kwa hofu, hajui la kufanya. Mimi nikasema, siwezi kumwacha mtoto wa watu afe. Nikajitupa katikati…"

Alikuwa mtamu kumsikiliza. Aliwaonyesha papa kwa mikono. Mjomba mmoja aliacha kutafuna. Hakuona kwamba mama yake Tryphena alikuwa ametoka nje wakati chakula kikipakuliwa, kwa sababu katika nyumba ile aliyeleta wageni haachwi garini na njaa. Hakuona kwamba Muinde alikuwa ameingia, amenawa mikono, amepewa kigoda karibu na mlango na sahani iliyojaa.

"…akaniuma hapa, kwenye paja, nikampiga ngumi ya pua, akaachia. Yule msichana nikamvuta hadi juu. Mpaka leo ananishukuru."

"Nyanya," Muinde alisema, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote, "samahani, mimi ni dereva tu. Lakini huyo papa alipanda gari langu saa ngapi?"

Kijiko cha mtu kiligonga sahani.

"Maana mimi nilimchukua huyu Voi akitembea kwa miguu yake," Muinde aliendelea. "Miguu ilikufa hapo kona za kupandia kuja kwenu, nikiwa nimeshika usukani. Kama huyo dada hangesema turudi chini, leo mngekuwa mnaketi kwa matanga yake. Huyo dada anayesema aliganda."

Tryphena aliweka sinia chini taratibu, akabaki amesimama.

"Ni kweli?" Nyanya Wakesho aliuliza.

"Ni kweli, Nyanya."

"Huyo msichana alikukataza?"

"Alinikataza nisizamie siku ya kurudi, kwa sababu ya mlima. Nikamdanganya, nikazamia. Kisha akaniambia nisitoke Pwani. Nikatoka."

"Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na tatu."

Wajomba walicheka kidogo puani. Kikongwe hakucheka. "Mimi nimezika watu wa rika langu wote," alisema, "na sijawahi kukanyaga maji yaliyonipita goti. Ningekwenda huko kwao, ningemwamkia shikamoo kwanza yeye, kabla hajaniamkia. Tryphena, mpe huyu chakula, mgeni hanyimwi. Habari ya posa tutaizungumza siku atakayokuja bila papa."

Akauchukua ule mkongojo uliokuwa umeegemea kiti cha Derrick, akaupima mkononi uzito wake, akamrudishia.

"Nanyi wazee wa Werugha, msiseme tumewafukuza. Mmejionea wenyewe: asiyesikia la mkuu huvunjika guu."